Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na kuba zake: maswali ninayoulizwa kila tukivuka

Maswali haya nimeyaokota mashuani. Kutoka gati ya Kilwa Masoko hadi Kisiwani si mbali, lakini mtu ana muda wa kutosha kuuliza, na nimegundua kwamba mwanafunzi wa Lindi, mwalimu wa Mtwara na mtalii wa Dar es Salaam mwenye kamera shingoni wote huuliza yale yale. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu majini. Mengine nimeyarefusha kwa sababu nayapenda.

Unazungumzia msikiti upi? Si iko mingi?

Iko. Kuna Msikiti Mkuu, ambao ndio uliokuwa wa Ijumaa. Kuna Msikiti Mdogo wa Kuba, upande wa kusini-magharibi yake. Kuna gofu la Jangwani, na kuna Msikiti wa Malindi karibu na ngome iitwayo Gereza. Hiyo yote ni ya kale. Wanakijiji wana msikiti wao wanaoswali leo, usiuchanganye na magofu. Nikisema "msikiti" tu katika majibu haya, nina maana ya ule Mkuu.

Ndio msikiti wa kale kuliko yote pwani ya Afrika Mashariki?

Ndio wa kale kuliko yote iliyobaki imesimama. Neno "iliyobaki" lina uzito wake. Shanga, huko visiwa vya Lamu, wachimbaji wamekuta chini ya ardhi misingi ya misikiti ya karne ya 8. Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya mwaka 1107. Kwa hiyo mtu akikuambia Kilwa ndiyo ilianza kila kitu, mpe chai umwache.

Ulijengwa lini?

Swali hili lina majibu matatu au manne, na hapo ndipo utamu wa jengo ulipo. Wageni wengi wanataka mwaka mmoja waandike kwenye daftari. Hakuna.

Anza upande wa kaskazini, kwenye mihrabu, kile kidaka cha ukutani anachosimama imamu. Sehemu hii ndiyo ya kwanza, ya karne ya 11 au ya 12. Ni ukumbi mdogo. Nguzo tisa ziliigawa dari yake vipande 16, na paa lilikuwa la bapa, halikuwa na kuba hata moja. Leo liko wazi, ukiinua macho unaona mbingu. Kumbe ukumbi wote uliezekwa tangu mwanzo, bila ule ua wa katikati unaouona kwenye misikiti mikubwa ya nchi za Kiarabu. Huku kwetu jua na mvua havina urafiki na ua.

Kisha mji ukatajirika. Dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe ikishukia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ilipitia mikononi mwa Kilwa, na ukumbi ule ukawa hautoshi watu siku ya Ijumaa. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa vya kutoa, ndiye anayetajwa kuuongeza kuelekea kusini mwanzoni mwa karne ya 14. Ni yeye pia aliyejenga jumba la kifalme la Husuni Kubwa. Historia ya kale ya Kilwa, ile iliyoandikwa kwa Kiarabu, inasema alikwenda Hija akiwa kijana na akakaa Aden miaka miwili akisoma. Mtu aliyeona majengo ya huko hawezi kurudi akaridhika na ukumbi wa nguzo tisa.

Nyongeza yake ikaanguka. Mwanzoni mwa karne ya 15 ikajengwa upya, na nguzo zile nene za pembe nane unazopita katikati yake leo, pamoja na kuba na matao juu yake, ni za mara hiyo ya pili. Kwa hiyo ukisimama kusini ukaangalia kaskazini unaangalia nyuma katika wakati: karne ya 15 mgongoni, karne ya 12 mbele yako.

Umesema ilianguka? Ilikuwaje?

Nguzo za al-Hasan zilikuwa za matumbawe, kila moja imechongwa kuwa kipande kizima. Zilipendeza, bila shaka. Lakini nguzo ya kipande kimoja cha tumbawe juu yake ukaweka zege la mawe na chokaa ni kumbebesha mtoto gunia la korosho. Mafundi wa karne ya 15 hawakurudia kosa. Walijenga nguzo za mawe madogo yaliyoshikwa kwa chokaa, fupi na nene, kisha wakazipiga lipu. Hazina ule urembo, ila ndizo zilizosimama miaka 600.

Ile historia ya kale ina kisa kuhusu ujenzi huo mpya, nami sikiachi hata siku moja. Msikiti ulikaa gofu muda mrefu, watu wakiswali chini ya mahema na vibanda. Wakati wa Sultani Sulaiman bin Muhammad, akatokea haji mmoja wa ukoo wa kifalme akaomba ruhusa aujenge kwa mali yake. Sultani akasema hapana, nitaujenga mimi, akamkabidhi mithkali 1,000 za dhahabu asimamie kazi. Yule haji akaona akikataa dhahabu atanyimwa na ruhusa. Akaipokea, akaiweka kando, akajenga kwa fedha zake. Sultani alipofariki, akawarudishia warithi dhahabu yao, yote.

Bibi mmoja niliyemvusha na wajukuu zake kutoka Nachingwea alisikiliza kisa hiki mpaka mwisho, akauliza: "Baba, na huyo haji alipewa risiti?"

Kwa nini kuba? Kwa nini wasiezeke makuti au dari ya kawaida?

Jibu liko kwenye mikoko. Dari ya bapa ya pwani, ile ya nyumba za mawe, hulazwa juu ya boriti. Boriti hutoka kwenye mkoko, na mti wa mkoko ulionyooka haukupi boriti inayoweza kubeba dari nzito kwa upana unaopita sana mita mbili na nusu au tatu. Ingia nyumba yoyote ya zamani, Kilwa Kivinje, Mikindani, hata Unguja na Lamu, utaona vyumba virefu lakini vyembamba kama ushoroba. Si kwamba watu walipenda kubanana. Boriti ndiyo iliyopima chumba.

Sasa boriti ina maadui wengine wawili: mchwa na unyevu. Dari ya namna hiyo inabidi ibadilishwe boriti kila baada ya muda, la sivyo siku moja inashuka.

Kuba haihitaji boriti. Uzito wake unateleza pembeni na kushuka kwenye nguzo na kuta. Ikikauka, imekuwa jiwe moja lililopinda. Mchwa hana la kula pale. Ndiyo maana ukumbi wa kaskazini wenye dari ya bapa uko wazi leo, na ule wa kusini bado una sehemu nyingi za paa lake, ingawa hakuna aliyeutunza kwa mamia ya miaka.

Kuba ilijengwaje bila saruji wala nondo?

Kwa bahari na moto.

Bahari ilitoa aina mbili za jiwe. La kwanza ni tumbawe gumu la nchi kavu, lile lenye matundu na makali linalochimbwa ardhini. Hilo ndilo la kuta. La pili ni tumbawe hai, linalokatwa chini ya maji kwenye miamba. Likiwa bado bichi ni laini, fundi analichonga kwa shoka na tezo kama anachonga mti, likikauka linakuwa gumu. Hilo ndilo la mihrabu, la miimo ya milango na la kingo za matao, mahali pote panapotaka mstari ulionyooka.

Moto ulitoa chokaa. Unapanga magogo duara, juu yake unarundika matumbawe, unawasha. Joto linafukuza hewa ya ukaa iliyomo ndani ya jiwe, na kinachobaki ukikikutanisha na maji kinavimba na kuwa unga mweupe. Unga huo huachwa ukapoa na kuiva kwa muda kabla ya kutumika. Ukiuchanganya na mchanga na maji ukaujengea, unaanza polepole kuvuta tena ile hewa ya ukaa, na mwisho wake unarudi kuwa jiwe. Kuba nzima ni tumbawe lililochomwa likarudishwa kuwa tumbawe. Sijui kama kuna saruji inayoweza kujisifu hivyo.

Kazi yenyewe ilianza kwa kusimamisha nguzo nne na kuziunganisha kwa matao. Pembe nne za mraba zikajazwa taratibu mpaka mraba ukakaribia kuwa duara. Juu yake kiunzi cha miti, na juu ya kiunzi wakamwaga mawe madogo na chokaa, tabaka kwa tabaka. Wakaacha ikakaa. Kisha ukaja ule wakati ambao naamini fundi mkuu hakulala usiku wake, wakati wa kutoa kiunzi.

Wepesi wa tumbawe ulisaidia. Jiwe lenye matundu linabeba bila kujilemea lenyewe.

Ile kuba kubwa ni ipi?

Ni ile iliyofunika chumba cha pembeni, upande wa kusini-mashariki, ambacho hutajwa kuwa mahali pa kuswalia pa sultani. Ilikuwa kuba kubwa kuliko zote Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Wako wanaoiweka karne ya 13, na wako wanaoihusisha na al-Hasan, karne ya 14. Mimi nawafuata hawa wa pili, kwa kuwa mkono ule ule unauona Husuni Kubwa.

Ibn Battuta aliuona?

Msafiri huyo wa Morocco alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan mwenyewe. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri duniani, na akamsifu sultani kwa ukarimu. Ila ukimsoma kwa makini ametaja majengo ya miti na paa za majani, hakutaja kuta za mawe. Watu wanabishana mpaka leo. Huenda nyumba nyingi za mji zilikuwa hivyo kweli, na mawe yalikuwa ya msikiti na ya wenye nazo. Hata leo kijijini ni hivyo hivyo: udongo, fito na makuti, na kando yake jumba la mawe la miaka 700.

Mbona hauna mnara?

Misikiti ya kale ya Waswahili mingi haina. Mwadhini alipanda ngazi hadi juu ya paa akaadhini. Mji wenyewe haukuwa mkubwa kiasi cha kushindwa kusikia.

Kibla kinaelekea wapi?

Kaskazini. Wageni kutoka nchi nyingine hushangaa, kwa kuwa wamezoea kusikia "mashariki". Fungua ramani: Makka iko juu yetu, karibu moja kwa moja.

Waliojenga ni Waajemi, Waarabu au sisi?

Hapa sauti hupanda mashuani, na nahodha huniangalia kwa jicho la "umeanza tena".

Simulizi maarufu inasema Ali bin al-Hasan wa Shiraz alikinunua kisiwa kwa nguo, akatandaza kitambaa kukizunguka chote. Ni simulizi nzuri, nami naisimulia. Lakini Neville Chittick, mwanaakiolojia Mwingereza aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuta watu walikuwa wakiishi pale tangu karne ya 9, wanafua chuma, wanavua, wanafinyanga vyungu vyao. Mwaka 2023 zilitolewa habari za uchunguzi wa vinasaba kutoka mifupa ya kale ya pwani, ya Kilwa ikiwemo. Upande wa mama karibu wote ulikuwa Waafrika. Upande wa baba, wengi walikuwa na asili ya Asia, hasa Uajemi. Kwa hiyo wazee waliosema "babu zetu ni Washirazi" hawakutunga, na wanaosema mji ni wa Waafrika nao hawakukosea.

Ama kuhusu kuba, umbo la kuba lilizunguka Bahari ya Hindi pamoja na majahazi. Lakini kujua tumbawe gani likatwe wakati gani, chokaa ikae siku ngapi, hilo huwezi kuliagiza kutoka Shiraz. Huko hakuna tumbawe.

Gereza ni kanisa?

Swali hili nalipenda. Ngome unayoiona kwanza mashua ikikaribia inaitwa Gereza. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuvamia mji mwaka 1505, wakajenga ngome wakaiita Santiago, wakaondoka mwaka 1512. Jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la wakati wa Waomani. Lakini jina lilibaki, na inaaminika linatokana na neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Ndani ya ngome za Wareno palikuwa na mahali pa ibada, na pia palikuwa na wafungwa. Waswahili wakachukua neno la ibada wakaliweka kwenye kifungo. Neno "kanisa" lenyewe tulishalipata kutoka kwa Waarabu.

Na kama unatafuta kanisa lenye kitu cha Kilwa ndani yake, nenda Lisbon. Vasco da Gama alifika hapa mwaka 1502 na kumlazimisha mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, alipe kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ikamfikia Mfalme Manuel wa Ureno, na mwaka 1506 ikawa imetengenezwa chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kazi inayohusishwa na sonara Gil Vicente. Mfalme akakiacha kwa wosia kwa monasteri ya Belém. Sasa kiko katika jumba la makumbusho la sanaa mjini Lisbon. Dhahabu iliyoijenga kuba ya msikiti ilitoka njia moja na dhahabu iliyomaliza safari yake altareni.

Msikiti Mdogo wa Kuba una nini cha ziada?

Una paa. Katika majengo ya kuba ya Kisiwani, huu ndio uliosalimika vizuri kuliko yote. Ni wa karne ya 15, umegawanyika vipande tisa vya dari, na juu ya kuba ya katikati kuna nguzo fupi ya pembe nane iliyosimama kama kidole. Ukiingia usikimbilie kupiga picha. Inua uso, utaona mahali palipopachikwa mabakuli ya kung'aa kwenye dari, urembo uliokuja na majahazi ukaishia juu ya vichwa vya wanaoswali. Mimi ukiniambia nichague mmoja tu wa kumwonyesha mgeni mwenye nusu saa, namleta huu.

Kwa nini mji uliachwa?

Haukuachwa siku moja. Wareno waliivuruga biashara ya dhahabu. Mwaka 1587 Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, walikishambulia kisiwa wakaua watu wengi. Karne ya 18 mji ukapata nguvu tena kwa biashara chungu ya watumwa na pembe za ndovu, na ndipo likajengwa jumba la Makutani. Kisha karne ya 19 biashara ikahamia Kilwa Kivinje, bara. Watu wachache wakabaki, na wajukuu wao ndio wanaotupokea ufukweni.

Kwa nini wasiufanyie ukarabati mzuri kwa saruji?

Kwa sababu saruji ingeuua. Ukuta wa tumbawe na chokaa unapumua: unavuta unyevu, unautoa. Saruji ni ngumu na haipitishi. Unyevu na chumvi vikikosa pa kutokea vinakaa ndani na kulipasua jiwe nyuma ya lipu, na lipu inadondoka na kipande cha ukuta. Ndiyo maana mafundi wa ukarabati wamerudia chokaa ya kuchomwa, na vijana wa kijijini wamejifunza kazi ya mababu zao.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa ajili ya bahari inayokula ufuko na mizizi inayopasua kuta, na mwaka 2014 yakatolewa baada ya kazi kubwa. Bahari haijasoma orodha hiyo, bado inakula.

Nawezaje kufika?

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 300 hadi Kilwa Masoko, kwa lami. Kutoka Mtwara au Lindi unapanda basi la Dar unashuka Nangurukuru, halafu unatafuta gari la Masoko. Wakati wa masika uliza kwanza hali ya barabara. Mafuriko ya Mei 2024 yaliikata eneo la Somanga, na watu walilala njiani. Kibali cha kuingia magofuni unakichukua Masoko kabla ya kuvuka. Usivuke kwanza ukidhani utalipia huko.

Nivae nini, na naruhusiwa kuingia kama si Mwislamu?

Unaingia. Hata hivyo unapita katikati ya kijiji cha watu, kwa hiyo mavazi ya heshima, kanga au kikoi kisikose kwenye begi. Usipande juu ya kuta, na usiegemee nguzo ili upigwe picha. Ukikutana na wazee, shikamoo kwanza, kamera baadaye.

Siku moja inatosha?

Inatosha kwa Msikiti Mkuu, ule Mdogo, Gereza na Makutani. Husuni Kubwa iko mashariki zaidi, juu ya jabali, na ina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane linaloangalia bahari; ukiitaka, anza kuvuka alfajiri. Muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi. Yakitoka, utashuka mbali na kutembea kwenye tope hadi magotini, viatu mkononi.